HESABU ZA KEMIA HAZISOMWI KAMA HADITHI

Mtihani wa Kidato cha Sita unapokaribia, wanafunzi wetu wanaochukua Kemia huanza kuhaha kutafuta vijitabu vya maswali na majibu. Hatuwalaumu. Mtihani huo ndio lango la Chuo Kikuu, na kwa kijana anayetamani udaktari au ufamasia lango lenyewe ni jembamba. Tunachosikitikia ni namna vijitabu hivyo vinavyotumiwa: husomwa kama hadithi. Mwanafunzi afuataye kwa macho jinsi mwenzake alivyolipata jibu hujiona ameelewa, na kosa lake hulitambua akiwa tayari mbele ya msimamizi.

Tuchukue swali la kawaida kabisa. Gramu 4.4 za gesi ya kabonidayoksaidi zimo katika chombo cha lita 2, na halijoto ni nyuzi 27 za Selsiasi. Kanieneo ni kiasi gani? Aliyekariri kanuni hubadili nyuzi 27 kuwa Kelvini 300, huchukua 8.314 kwa kuwa ndiyo namba ya gesi aliyoizoea, kisha huandika atmosfia 124.7. Wala hashtuki!

Aliyejizoeza kwa karatasi tupu na kalamu angeshtuka. Angejua kwamba gramu 44 za gesi hiyo ni moli moja, hivyo hapa ipo sehemu moja ya kumi ya moli. Na kwamba kiasi hicho, katika nyuzi sifuri na atmosfia moja, hujaza lita 2.24. Sasa kimebanwa katika lita 2 na kupashwa joto kidogo. Jibu litakuwa atmosfia moja na ushei, na kweli ni 1.23. Ile 124.7 nayo ingekuwa sahihi kama angeandika kilopaskali. Alama zimepotea kwa neno moja.

Lipo pia swali la asidi ya haidrokloriki yenye moli 10⁻⁸ kwa lita. Wengi hujibu kuwa pH ni 8, yaani asidi imegeuka besi kwa kuzimuliwa na maji. Wamesahau kuwa maji yenyewe yana ayoni zake za haidrojeni. Jibu ni karibu 6.98.

Wako wasemao kuwa mazoezi ya namna hii ni ya shule zenye maabara na walimu wa kutosha. Hatukubaliani nao. Maabara inahitajika kwa mtihani wa vitendo. Hesabu hizi zahitaji daftari na saa moja ya utulivu. Kijana wa mkulima asiye na fedha za masomo ya ziada anaweza kuzifanya chini ya mwembe. Na kwa kuwa swali huja kwa Kiingereza, si aibu akimweleza mwenzake kwanza kwa Kiswahili kile kinachoulizwa.

Tunajua walimu wa Kemia wamelemewa. Hata hivyo tunawaomba watenge kipindi kimoja kila juma: maswali matano mepesi, vitabu vimefungwa, na kikokotoo kisiguswe mpaka mwanafunzi awe ameandika jibu analolikisia pamoja na kipimo chake. Wakianza Kidato cha Tano, hata likizo zikitolewa, kila mtahiniwa atakuwa amefanya maswali zaidi ya 200 kwa mkono wake kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani.