Pumu na Kompyuta

Dawa ya kuvuta haimfai kijana mwenye pumu aiachaye nyumbani kwa kuona haya mbele ya wenzake. Huko Detroit, Marekani, watafiti waliwagawa kwa kura wanafunzi 314 wa shule sita za sekondari. Kundi moja lilipewa programu ya kompyuta iliyomnasihi kila mmoja kwa hali yake, hata kuhusu sigara. La pili, tovuti za kawaida za pumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: baada ya miezi 12, kundi la kwanza lilisumbuliwa siku chache zaidi, na kukosa masomo kwa uchache.

Ndugu wasomaji, mkiletewa leo programu za simu za namna hiyo, ulizeni: ilijaribiwa kwa nani, ikalinganishwa na nini? Muuzaji akikosa jawabu, fedha hizo zinunulieni dawa.