Waraka kwa Wanachama: Mwaka Huu Tucheze Tamthilia Mpya

Kwa wanachama wote wa kikundi chetu cha maigizo, Kakonko, na wenzetu wa matawi ya Kibondo na Kasulu

Ndugu wanachama,

Mvua zinakatika, na kama kawaida simu zimeanza: mwaka huu tunacheza nini? Jibu nalijua tusipokuwa macho. Tutarudia Kilio Chetu, au Ngoswe, kwa sababu kila aliyepita sekondari anazijua na nusu ya maneno yamo kichwani tayari. Sina ugomvi na Ngoswe. Mwandishi wake, Edwin Semzaba, alikijua kijiji, na mhusika wake Mitomingi akichoma karatasi za sensa watu bado wanashika mbavu. Tatizo ni kwamba siku hizi wanazishika kabla karatasi hazijawaka. Watoto wa shule waliokaa mbele wanamtangulia mwigizaji kusema maneno yake, naye anabaki kuwafuata wao.

Upande wa pili tuna yale maigizo ya kuagizwa: dakika ishirini, fulana za bure, ujumbe mmoja, posho, kwaheri. Tunayahitaji, maana ndiyo yanayolipa nauli. Lakini mwigizaji aliyezoea kumaliza kila igizo kwa kuwageukia watazamaji na kuwaambia wanawe mikono atachelewa sana kujua kunyamaza jukwaani.

Kwa hiyo naomba tusome tamthilia mpya, na nina mbili mkononi. (Nasema tamthilia za kitabu na jukwaa. Zile za Kituruki kwenye king'amuzi endeleeni nazo majumbani kwenu, sitaki lawama.)

Ya kwanza ni Kigogo ya Pauline Kea, mwandishi wa Kenya. Nchi inaitwa Sagamoyo. Mtawala wake, Majoka, amelifunga soko la Chapakazi wanalolitegemea wachuuzi, kwa kuwa ana mipango yake na kile kiwanja. Wachonga vinyago wametakiwa wachonge sanamu kwa ajili ya sherehe za uhuru, na mmoja wao, Sudi, hataki. Someni kwa makini pale Kenga, mshauri wa Majoka, anapofika kwenye karakana yao na keki. Wenzake Sudi wanakula, yeye hagusi. Hakuna hotuba ndefu pale: ni watu wachache, vifaa vya kuchongea na keki, na mtazamaji anajua tayari nani kanunuliwa na nani bado. Tukio hilo tunaweza kulicheza chini ya mwembe bila pazia wala taa. Na soko lililofungwa halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kubeba maharage au ndizi kwenda Muhange siku ya gulio.

Wapo watakaouliza kama wakubwa watatuelewa. Sagamoyo haimo kwenye ramani ya Kigoma, na barua kwa afisa utamaduni wa wilaya itakwenda mapema kama siku zote.

Ya pili ndiyo niipendayo zaidi: Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, mwandishi yuleyule wa Mstahiki Meya. Hapa hakuna mtawala wala maandamano. Kuna Sara, mama mgonjwa; mumewe Yona, aliyezama kwenye pombe baada ya kijiji kumcheka kwamba amezaa mabinti watupu; jirani yao Dina, anayekuja kumsaidia Sara jikoni; na Neema, binti aliyeolewa mjini, anayebeba gharama za matibabu huku mumewe Bunju akiona mzigo unazidi. Kisha linakuja swali la mama alale wapi akiletwa mjini, maana mila haimruhusu kulala kwa mkwewe. Hilo likichezwa Kasulu, watazamaji wataanza kubishana wao kwa wao kabla hatujamaliza.

Dada zetu wamelalamika, na wana haki, kwamba huwa tunawapa nafasi ya mama mgonjwa tu. Ni kweli Sara naye anaumwa. Ila safari hii mgonjwa ana mengi ya kusema, na binti zake wanagombana kama watu wazima wenye hoja.

Mtauliza kwa nini zote mbili za Kenya. Kule vitabu vya mtihani wa sekondari vimekuwa vikibadilishwa kila baada ya miaka michache, na tamthilia mpya ikipata nafasi inachapishwa kwa wingi. Kigogo na Bembea ya Maisha zimepita njia hiyo. Kwetu, kwa muda mrefu mwandishi wa jukwaa hakuwa na mlango kama huo. Hata Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ilipotolewa mara ya kwanza, Aprili 2023, ilikuwa ya riwaya na ushairi. Na tukumbuke kwamba Kinjeketile tunayoiheshimu leo ilitoka mwaka 1969, Ebrahim Hussein akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Penina Muhando naye alikuwa kijana Hatia ilipochapishwa mwaka 1972. Kuna watu waliokubali kuzicheza wakati hakuna mwalimu aliyewahi kuzitungia swali.

Ndiyo maana naomba pia kila tawi litenge jioni moja kusoma kwa sauti mswada wa mwenzetu. Najua madaftari yapo. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, na majirani wanaoikumbuka wako kati yetu. Wazee waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge kama manamba wanazidi kupungua. Nani ameliandikia jukwaa hayo?

Kuhusu nakala: tafadhali msipige fotokopi kitabu kizima. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, na kununua kitabu si ruhusa ya kukata tiketi mlangoni. Barua za kuomba ruhusa ya kuigiza nitaziandika mimi. Ninyi changeni fedha za nakala chache kwa kila tawi. Vitabu vitapanda basi.

Nileteeni majina ya wanaotaka kusoma nafasi, tawi kwa tawi, kabla hatujakutana. Anayemtaka Majoka ajue waombaji ni wengi. Kenga bado hana mtu.

Katibu wenu,
Kakonko