Mithun hakuibiwa

Juzi nilimwekea mjomba wangu wimbo kwenye simu. Mjomba aliwahi kuwa na kibanda cha video Ngamiani, Tanga, miaka ya 1990, na sidhani kama kuna picha la Kihindi la enzi hizo ambalo halijui. Wimbo wenyewe ni "T'es OK" wa kundi la Ottawan la Ufaransa. Haukufika hata nusu, akadakia: "Ala! Hawa Wafaransa wamemwibia Mithun!"

Nikamwambia, mjomba, Ottawan wametoa wimbo huu 1980. Disco Dancer, lile picha la Mithun Chakraborty lenye "Jimmy Jimmy", limetoka 1982. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema labda ni bahati tu, mahadhi hukutana.

Mahadhi hukutana! Nimechoka na maneno hayo. Katika Disco Dancer hiyo hiyo, "Auva Auva" imekutana na wimbo wa The Buggles wa 1979 unaosema video imemuua nyota wa redio. Mwaka 1987, kwenye picha la Dance Dance, "Zooby Zooby" ikakutana na "Brother Louie" ya Modern Talking, iliyokuwa imetoka mwaka mmoja tu nyuma. Mtunzi wa muziki katika yote mawili ni mmoja, marehemu Bappi Lahiri. Sasa mtu anayekutana na nyimbo zilizokwisha kuvuma tu, na kila mara yeye ndiye anayefika wa pili, huyo hana bahati. Ana kaseti.

Naomba nieleweke. Nyimbo hizi nazipenda, nimezicheza kwenye harusi mpaka viatu vikakatika. Na wala si kwamba waliokopi walikuwa hawajui kazi. R.D. Burman alikuwa fundi haswa, mtu aliyeweza kutoa mdundo kwenye chupa na kitana. Ndiyo maana inaniuma kusikia "Mehbooba Mehbooba" ya Sholay, 1975, kisha kusikia "Say You Love Me" ya Demis Roussos iliyoitangulia. Fundi wa kiwango kile angepungukiwa na nini kwa kuandika jina moja la Kigiriki kwenye orodha ya majina?

Kuazima mahadhi si kosa. Salil Chowdhury alipochukua simfonia namba 40 ya Mozart akaiingiza kwenye Chhaya mwaka 1961, sioni wa kumlilia: Mozart amekufa 1791, na kazi yenyewe inajulikana dunia nzima. Kosa ni kuchukua kazi ya mtu aliye hai, kisha pale panapoandikwa "Muziki" ukaweka jina lako peke yako.

Watetezi wao wana hoja moja wanayoiona nzito. Eti Wazungu wametuibia sana, basi tukichukua disko zao tunarudisha chetu. Inapendeza masikioni. Lakini Nusrat Fateh Ali Khan alikuwa Mzungu wa wapi? Alikuwa Mpakistani, mwimbaji wa qawali, na "Dam Mast Qalandar" yake ni ya kumsifu walii, Lal Shahbaz Qalandar. Mwaka 1994 mahadhi yake yakatokea kwenye picha la Mohra, kama "Tu Cheez Badi Hai Mast Mast", wimbo wa kumsifia mwanamke anavyovutia. Hapo hakuna mkoloni aliyelipizwa. Jirani amechukuliwa dua yake ikageuzwa ngoma ya kukatikia.

Na wasituambie kwamba hawakujua thamani ya jina. Mwaka 2002, mwimbaji wa Marekani Truth Hurts alitoa "Addictive". Ndani yake inasikika sauti ya Lata Mangeshkar, imekatwa kutoka kwenye "Thoda Resham Lagta Hai", wimbo wa picha la Jyoti la 1981. Mtunzi wa muziki? Bappi Lahiri. Mzee alienda mahakamani Los Angeles, na mwaka 2003 jaji akazuia albamu isiendelee kuuzwa mpaka jina lake liandikwe. Alikuwa na haki, asilimia mia. Ila nilipoisoma habari ile niliwakumbuka Daniel Vangarde na Jean Kluger. Hujawahi kuwasikia, sivyo? Ndio walioandika "T'es OK".

Nao angalau walikuwa Ulaya, wana wanasheria. Mzigo wa mchezo huu humwangukia asiye nao. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akaiachia haki kwa shilingi kumi. Ikatiwa maneno ya Kiingereza, ikazunguka dunia, na mwaka 1994 ikaingia kwenye The Lion King, filamu ambayo imejazwa majina yetu, Simba, Rafiki, kama mapambo ya sebuleni. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Familia yake ilibidi ifungue kesi mwaka 2004, na makubaliano yakapatikana 2006. Kilichoanza wote wakisema "ni mahadhi tu" kiliwagharimu watoto wake miaka 44 tangu kifo cha baba yao.

Yote haya nilimmwagia mjomba barazani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa, kisha akaniuliza kwa upole: "Na Bhalo je?"

Nikakwama. Juma Bhalo wa Mombasa, ambaye mama yangu hakupika bila kumfungulia, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya picha za Kihindi. Nikajitetea kwamba ukumbi mzima ulikuwa umeliona picha na ulijua mahadhi yametoka wapi, na utamu ulikuwa hapo hapo. Hakudanganywa mtu. Mjomba akaingia ndani, akatoka na katoni la kaseti. Juu ya makasha jina la mwimbaji, basi. Mtunzi wa Bombay hayupo.

Tukaanza kazi. Yeye anasikiliza na kutaja picha, mimi natafuta mtunzi kwenye simu na kuandika kwa kalamu juu ya kasha. Mpaka adhuhuri tulikuwa kaseti ya tatu. Kuna wimbo mmoja picha lake limemtoka kabisa. Ameuweka kando, na amenikataza nisimsaidie.