Mwambie Mwenyewe



Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya abiria ikitua iliigonga ndege ya walinzi wa pwani iliyosimama kwenye njia ya kurukia. Watu 379 wa ndege kubwa waliokoka wote. Katika ile ndogo, watano kati ya sita walifariki. Onyo lilikuwepo. Liliwaka kwenye skrini ya mwongoza ndege, lakini halikutambuliwa, na marubani hawakuambiwa kitu.

Ndiyo maana wahandisi wanatengeneza mitambo inayomwonya rubani mwenyewe, kwa sauti, ndani ya chumba chake. Anayeshika usukani ndiye apaswaye kusikia kwanza.

Katika Mathayo 18 Yesu anatuagiza tumwendee faraghani ndugu aliyekosa, kabla ya kuwaambia wengine. Sisi hufanya kinyume. Kijana anazama katika ulevi, ndoa inayumba. Jumuiya nzima inajua, kijiweni wanajadili, mwenyewe hajaambiwa. Siku ya msiba tunasema, “Tuliliona hili.”

Ndugu msomaji, unamwona nani hatarini wiki hii? Usimtangaze. Mwendee, umwambie kwa upendo, mapema.