KUSOMEA MVULA KUNA FAIDA?

Ndugu wanafunzi, tunaulizana: kusomea hali ya hewa kunalipa? Tupime.

Masomo hayo yako ISTA, Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 toka hapa Kasulo. Bazazi watalipa safari, nyumba, chakula na masomo, miaka mingi. Na kazi? Iko METTELSAT ya Serikali, iko na kwenye viwanja vya ndeke. Lakini nafasi si nyingi. Shimo la kobalti linaleta makuta leo leo.

Lakini mvula ikizidi, shimo linaangukia ndugu zetu. Kule Kalehe, mwezi wa tano 2023, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400. Nani atatuonya?

Shauri letu: asiyependa hesabu na fizika, asiuzishe lupango ya baba. Anayezipenda, aende. Tunamuhitaji.