Sura ya zamani isipotee

Niko Kirumba, na nakubaliana nawe, ndugu mwandishi: Nissan Z iliyozinduliwa 2021 imeiheshimu Datsun 240Z, gari la zamani lililoitangulia. Boneti ndefu imebaki, na taa za mbele zinakumbusha zile za zamani. Kwetu Afrika Mashariki gari hilo la zamani si geni; lilishinda Safari Rally 1971, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Tazameni hata chukudu zetu, skuta za mbao za kubebea mizigo: magurudumu ya mbao siku hizi huvishwa mpira wa tairi kuukuu, lakini usukani na ubao mrefu wa kuwekea goti vimebaki vilevile. Anayeboresha kazi ya wazee ajiulize kwanza: nikiondoa nini, watu hawataitambua tena?