Nyumbani Mwetu: Mavazi ya Mpanda Baiskeli Mwembamba

Miongoni mwa barua zilizotufikia wiki hii imo moja kutoka kwa mke wa sajini wa polisi aishiye karibu na Soroti. Ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumeliheshimu ombi hilo.

Mumewe huenda kazini kwa baiskeli, kilometa 11 asubuhi na nyingine 11 jioni. Ni mtu mrefu na mwembamba: urefu wake sentimita 178, uzito wake kilo 59. Alikuwa hivyo siku ya harusi yao, na baba yake alikuwa hivyo pia. Amekwisha kupimwa hospitalini, akaambiwa kuwa ni mzima. Lakini majirani hunong'ona. Kwa sababu ya minong'ono hiyo bwana huyu huvaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, na sweta ndani ya koti, hata jua la Teso linapochoma. Mwezi uliopita pindo la suruali lilinaswa na mnyororo, akaanguka, na goti likachunika. Mapaja yake yana michubuko isiyopona. Sasa amekata shauri kuiuza baiskeli, na nauli ya pikipiki ya kila siku itatoka katika fedha zilizowekwa kwa karo ya watoto. Bibi anauliza amvike nini mumewe ili apande salama, wala asione haya.

Hatuwezi kujibu habari ya kitambaa kabla ya kujibu habari ya minong'ono, kwa kuwa ndiyo iliyomvika sajini suruali ya pili. Wazee wetu wanakumbuka ilikotoka. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, juu ya ugonjwa uliokuwa ukiwakondesha watu wa Rakai na kusini mwa nchi, nao wakautaja kwa jina ambalo wananchi walikuwa wamekwisha kuupa, yaani silimu. Katika miaka ile wengi walivaa nguo juu ya nguo ili wasionekane kuwa wamekonda, na mazoea hayo hayajafutika. Lakini leo ziko dawa, na mtu mwenye virusi azimezaye kwa utaratibu aweza kuwa na mwili mnene kuliko jirani yake asiye navyo. Ukubwa wa kiuno hautangazi afya ya mtu. Mtu apunguaye uzito ghafla hana budi kwenda kwa daktari. Aliyekuwa mwembamba maisha yake yote hadaiwi maelezo na yeyote.

Bibi amwambie mumewe jambo hili pia. Mwezi Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, jirani zetu, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mbio kubwa ya wanaume ilikuwa ya kilometa 267 na zaidi, kupanda na kushuka vilima vya mji ule, na mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Urefu wake hutajwa kuwa sentimita 176 na uzito wake kilo 66 hivi. Jonas Vingegaard wa Denmark, aliyeshinda mbio za kuizunguka Ufaransa mwaka 2022 na 2023, hutajwa kuwa na kilo 60 tu. Katika kupanda mlima kwa baiskeli kila kilo ni mzigo unaopaswa kuinuliwa kwa miguu, na kwa hiyo mwili ambao sajini anauficha ndio mwili ambao wapanda milima wakubwa wa dunia wanao. Wao hawaufichi; huuvika nguo iubanayo kama ngozi ya pili.

Sasa tuingie katika mavazi yenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba kaptura ile nyeusi ya kubana ni ya fahari tu. Sivyo. Zamani wapanda baiskeli walivaa kaptura za sufu, na ndani, mahali pa kukalia, palishonwa kipande cha ngozi laini ya mnyama. Ngozi ile ilikauka na kuwa ngumu kila ilipofuliwa, ikabidi ipakwe mafuta. Rangi nyeusi ilichaguliwa kwa sababu haionyeshi madoa ya tandiko wala ya mafuta ya mnyororo. Mwaka 1958 mwanakemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Marekani alivumbua uzi unaovutika kisha ukarudi, ambao twaujua kwa jina la Lycra, na baada ya miaka kadhaa kaptura za sufu zikaachwa. Siku hizi mahali pa ngozi pana pedi ya sponji iliyofunikwa kitambaa laini.

Pedi hiyo ina kazi mbili: hupunguza mgandamizo wa tandiko, tena huondoa mishono mahali ambapo paja husuguana nalo. Michubuko ya sajini inaletwa na msuguano huo. Kila anapozungusha pedali suruali mbili husogea, na mishono minene ya kinenani hukwaruza ngozi iliyolowa jasho. Katika saa moja ya kupanda, mguu mmoja huzunguka mara elfu tatu na zaidi. Hata mshono mdogo hugeuka msumeno.

Hapa ndipo mtu mwembamba hupata taabu ambayo mnene haijui. Akinunua kaptura ya baiskeli iliyo pana, pedi haitakaa mahali pake. Itateleza, ijikunje, nayo iwe adui mpya. Heri suruali ya kawaida kuliko kaptura yenye pedi isiyobana. Kanuni ni kwamba pedi na ngozi viende pamoja, visisuguane. Kwa sababu hiyo haivaliwi chupi ndani ya kaptura ya namna hii, ingawa najua kwamba akina baba wengi watalisoma jambo hili na kutikisa kichwa.

Kwa mtu asiye na nyonga za kuzuia nguo, iliyo bora ni kaptura yenye kanda za mabegani, mfano wa ovaroli isiyo na kifua. Kaptura ya lastiki kiunoni humteremka mwembamba, au lastiki ikikazwa, humkata tumbo anapoinama. Kanda hushikilia yote kutoka mabegani. Asishangae akiivaa na kuona kwamba kanda zinamvuta anaposimama wima. Nguo hii imekatwa kwa ajili ya mtu aliyeinama, na akishika usukani zitalegea. Zikiwa zimelegea akiwa amesimama, kaptura ni kubwa.

Vivyo hivyo fulana. Fulana ya baiskeli huwa fupi mbele na ndefu nyuma, na mifuko yake iko mgongoni. Mtu aijaribuye mbele ya kioo huiona fupi, akachukua kubwa zaidi, na hilo ndilo kosa. Ajaribu akiwa ameketi juu ya baiskeli, mtu mwingine akiishika isianguke. Mgongo ufunikwe hadi chini ya kiuno, mbele pasiwe na mikunjo tumboni, na mikono ya fulana isipeperuke. Kisha mshikaji abane kitambaa ubavuni kwa vidole viwili: kikivutika kipande kidogo, ni sawa, kikijaa ngumi, ni pana. Upana huo si ubaya wa sura tu. Katika nchi tambarare kama Teso, mtu aendaye kasi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuusukuma upepo, na koti lililojaa hewa ni tanga la mashua lililofungwa kinyume.

Habari ya vipimo ina udanganyifu mwingi. Bibi ameandika kwamba mumewe hununua herufi L kwa sababu ni mrefu. Lakini herufi hizo aghalabu hufuata kifua na kiuno, si urefu. Kifua cha sajini ni sentimita 86, kiuno 70, nyonga 88. Kwa vipimo hivyo yeye ni mtu wa S, na kwa viwanda vingine ni mdogo kuliko S. Tena S si moja duniani: nguo za baiskeli za Italia hukatwa nyembamba, na zile za Marekani hukatwa pana. Kwa hiyo asisome herufi peke yake. Achukue futi ya kupimia sokoni, apime upana wa fulana kutoka kwapa hadi kwapa, kisha azidishe kwa mbili. Kwa kitambaa kinachovutika, jumla iwe sawa na kifua chake au pungufu kidogo. Urefu wa mgongo usipotosha, atafute iliyokatwa ndefu, asipande herufi.

Katika marobota ya mitumba nguo hizi hupatikana, nazo mara nyingi huachwa kwa kuwa wanunuzi huziona ndogo mno. Hiyo ni bahati ya mwembamba. Hata zile za vijana wa miaka 14 zaweza kumfaa kifuani, lakini atazame urefu. Kivute kitambaa kwa mikono miwili mbele ya mwanga: kikirudi haraka, ni kizima, kikirudi polepole au vikionekana vijiuzi vyeupe vilivyokatika, kimekufa na hakuna fundi atakayekifufua. Fulana ya mtumba naikubali. Kaptura yenye pedi iliyotumiwa na mtu mwingine siikubali, hata ikifuliwa mara saba. Sponji hushika uchafu, nayo huwa imelala kwa uzito wa mwenyewe wa kwanza. Fedha chache zilizopo zinunue kaptura moja mpya, na fulana itoke sokoni.

Fulana ikiwa pana, ipunguzwe. Ivaliwe kinyumenyume, mishono ikiwa nje, bwana akiwa juu ya baiskeli, kisha itiwe pini kutoka kwapani hadi pindoni, pande zote mbili sawasawa. Ikiwa imezidi sentimita 8 kuzunguka mwili, kila ubavu hupunguzwa 4, yaani mshono mpya upite sentimita 2 ndani ya ule wa zamani. Jihadharini usiibane mifuko ya mgongoni. Mimi mwenyewe niliwahi kuipunguza fulana ya namna hii kwa cherehani ya miguu, mshono ulionyooka na uzi wa pamba, nikajisifu. Ilipovaliwa na kuvutwa kichwani, uzi ulikatika kutoka kwapa hadi kiunoni kwa sauti iliyowachekesha watoto. Kitambaa kinachovutika chataka mshono wa kwendazigzagi au wa mashine ya ovaloki, uzi wa nailoni au poliesta, na sindano yenye ncha ya mviringo isiyokata nyuzi. Asiye na mashine hiyo ampelekee fundi aliye nayo, pini zikiwa zimekwisha kutiwa. Kaptura yenye pedi msiiguse kwa mkasi. Mshono wa kinena ukihamishwa, pedi nayo huhama.

Sare ya serikali ni habari nyingine. Hiyo haipunguzwi nyumbani. Ikiwa pana, sajini aipeleke kwa mtunza ghala wa kituo chake na kuomba ya kipimo chake. Wakati wa safari sare ikunjwe vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, ifungwe juu ya keria, naye abadili nguo afikapo kituoni. Akiona haya kupita mtaani na kaptura ya kubana, avae juu yake kaptura nyepesi ya michezo isiyofika magotini. Haitanaswa na mnyororo, na pedi itaendelea na kazi yake chini. Siku ambayo hana budi kupanda kwa suruali, aufunge mguu wa kulia kwa kanda pana juu ya kifundo, kwa maana mnyororo uko upande huo.

Michubuko iliyopo ipone kwanza. Ioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, ikauke kabisa, na baiskeli ipumzike siku chache. Ikitoa usaha, ni kazi ya zahanati. Kaptura ifuliwe kila baada ya safari kwa maji ya uvuguvugu, wala isichemshwe, isipigwe pasi, isianikwe juani siku nzima, maana joto huua uzi unaovutika. Igeuzwe, pedi iwe nje, itundikwe kivulini penye upepo. Ndiyo sababu mwenye nafasi hununua mbili.

Bibi ametuletea vipimo vyote isipokuwa kimoja: urefu wa mguu kwa ndani, kutoka kinenani hadi kisigino. Apime bwana akiwa amesimama bila viatu, mgongo ukiwa ukutani, atuandikie. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha pia kama tandiko la baiskeli yake liko juu au chini mno, kwani nashuku kwamba sehemu ya michubuko ile inatoka huko.